Wawili Chini ya Mtumbwi

Mshamu wa Bungu hakusoma. Chuoni alipelekwa, akaishika Kurani kwa kusikia. Shule ya serikali hakuingia. Baba yake alimtaka bondeni, na bondeni akakaa. Alilima mpunga, akalima mahindi ya mlao, yanayopandwa maji yakishuka, akapanda mikorosho michache huko juu karibu na barabara ya lami. Akamwoa Mwantum, wakampata Salama, Salama akaolewa Mbagala. Kisha Mwantum akafa. Ukimwuliza habari za maisha yake atakwambia hayo, halafu atatazama pembeni.

Jambo moja hakumwambia mtu. Alikuwa anataka kujua mwisho wa hadithi.

Hadithi ilikuwa kwenye simu ya marehemu, ile simu ya kupangusa aliyonunuliwa na Salama. Mwantum alijua kusoma. Moyo wake ulipoanza kuchoka, miguu ikavimba na hakutoka tena nje ya ua. Chooni alishikwa mkono, na baadaye akabebwa. Kuna wanawake walimwingiza kwenye kundi la simulizi, hadithi inaletwa kipande kipande. Jioni akawa anamsomea mumewe, naye Mshamu anamchua miguu kwa mafuta ya nazi.

Ilikuwa ya vijana wawili wa delta. Yassin alikuwa karani wa matajiri wanaovusha magogo ya mikoko kwa siri. Akawaona wakiua mtu, akakimbia. Twalha alikuwa mpiga kasia anayekijua kila kijito, na matajiri wakamtuma: kamlete huyo, mzima au maiti. Twalha akampata, asimpeleke. Wakawa wanakimbia wote wawili, mikokoni na matopeni, mamba huku na bunduki kule. Na katika kukimbia wakapendana. Si mapenzi ya marafiki. Walipendana kama mtu na mkewe.

Siku Mwantum alipofika hapo, Mshamu aliacha kuchua.

"Astaghfirullah. Mama Salama, unasoma nini wewe?"

"Nasoma kilichoandikwa."

"Zima."

Mwantum akazima. Jioni ya pili Mshamu alikaa na chupa yake ya mafuta, akachua mguu wa kulia, akahamia wa kushoto. Kisha akauliza, macho ukutani:

"Wale watu wako, ule mto waliuvuka?"

Mwantum alicheka mpaka akakohoa.

Siku nyingine Mshamu alitaka kujua anachokipenda humo. Hadithi ziko tele, mbona hii. Mwantum alifikiri kwanza.

"Hizo nyingine nazijua, Baba Salama. Mwanamke atatekwa, atalia, mwanamume atakuja. Nikishaona mwanamke kaingia, najua na kazi yake. Hawa wawili siwajui. Leo huyu kambeba mwenzake, kesho kabebwa yeye. Wote waoga, wote wana visu. Na wakishikwa na matajiri wanakufa, wakishikwa na watu wema wanakufa vilevile. Hawana mlango. Nalala nawawaza."

"Na dhambi yao?"

"Yao na Mungu wao. Mie niko kitandani sina pa kwenda, nimepata watu wa kukimbia nao."

Mshamu mwenyewe alikuwa ameshawazoea. Alipenda wanavyokula, mmoja akila mwenzake anaangalia kijito. Alipenda tope lao, alilijua tope lile. Na alipenda wanavyoulizana kila asubuhi, kabla ya lolote, kama mwenzake ameamka salama.

Mwantum alikomea hapa: Twalha na Yassin wamelala matopeni, chini ya mtumbwi mkubwa uliopinduliwa. Wawindaji wao wamefika, wamechoka, wamekaa juu ya mtumbwi huohuo, wanakula. Wale wawili chini wanasikia mpaka mifupa ya samaki inavyotemwa. "Basi, kesho," Mwantum akasema, akaiweka simu kifuani. Asubuhi hakuamka.

Tangu hapo simu ilikuwa ya Mshamu. Alikuwa anaipeleka kibandani barabarani inatiwa chaji, anairudisha kwenye mfuko wa nailoni. Lakini nani atamsomea? Imamu? Salama, mtoto wake wa kumzaa? Au shemeji yake Binti, mdogo wake Mwantum, anayemhesabu dada yake kuwa nusu malaika? Mtu atasoma mstari mmoja, na kesho Bungu nzima itajua Mwantum alikuwa anasoma mambo gani kitandani, kaburi liko mlangoni. Kwa hiyo alikaa nayo. Usiku na mchana alikuwa na wale wawili chini ya mtumbwi, na yeye juu, hajui.

Mwaka uliofuata masika yalikataa kukata. Mshamu alikuwa bondeni, dunguni kwake, analinda mpunga na ndege. Dungu ni kibanda cha juu ya nguzo, kina ngazi ya kupandia, sakafu ya fito na jiko la udongo pembeni. Alizaliwa kwenye dungu kama hilo. Watu walipopita wakamwambia apande Bungu, mto unakuja, alisema ataona. Ukweli ni kwamba hakuitaka ile nyumba yenye kitanda kile.

Maji yakaja bila makelele. Yalifunika mpunga, yakabaki masuke, kisha masuke nayo yakapotea. Mtumbwi wake ulijaa ukazama palepale ulipofungwa. Alikuwa anayatazama maji yanavyopanda nguzo, ndipo akasikia mtu anatukana. Bondeni kote anayetukana namna ile ni mmoja.

"Wee Mndengereko! Shusha ngazi, mamba hawajala tangu Ijumaa."

Alikuwa Kondo. Dungu lake la jirani lilikuwa limeanguka, naye anakuja amekumbatia dumu tupu, maji yamemfika kifuani. Kondo ni wa Mtawanya, Mmatumbi kwa asili, na ni mtani wa Mshamu. Utani wao ni wa koo, umetoka kwa mababu. Mtani hakasirikiwi. Akija akamchukua kuku wako mbele ya macho yako, ukisema neno umejiaibisha. Na kwenye msiba uwanja ni wake. Siku ya maziko ya Mwantum, watu wanalia, Kondo alijifunga khanga ya marehemu akapita uani kwa mwendo wake marehemu, anaburuta mguu, anaita, "Baba Salama, mbona chai haina sukari?" Waliokuwa wanalia wakacheka. Mshamu naye akacheka, na katika kucheka ndipo machozi yake yakatoka, maana mpaka hapo yalikuwa yamegoma.

Huo ndio wema wa mtani. Ubaya wake ni kwamba anachokijua juu yako hakifi. Kitakungoja mpaka siku yako, kichezwe mbele ya jeneza.

Na huyu ndiye aliyepanda ngazi, amelowana, anacheka. Tena alisoma mpaka darasa la saba.

Simu ya Kondo ilikuwa imekufa maji. Walitumia ya Mwantum kumpigia Mudathiri, mpwa wake Kondo, mwenye boti ya mashine. Mudathiri akasema wako watu wengi juu ya miti, wenye watoto kwanza, wazee wavumilie. Wasiichezee simu, chaji ibaki.

Wakavumilia. Mvua ilikuwa inapumzika kidogo kisha inaanza upya. Walitafuna mihogo mikavu. Kambare akinasa kwenye fito za ngazi, wanashukuru. Kiboko alikuwa anakuja kujikuna kwenye nguzo na dungu zima linakwenda upande. Nyoka mmoja alipanda, Kondo akamrudisha majini kwa ufito, akimwambia ghorofa imejaa. Pande zote maji ya rangi ya chai ya maziwa, na juu wingu. Mtu ukisimama kichwa kinagusa nyasi za paa. Ukinyoosha miguu inamgusa mwenzako.

Kondo aliongea mpaka maneno yakamwishia. Alimtukana Mshamu, akawatukana wazee wa Mshamu waliokufa, akautukana mto. Mchana mmoja akanyamaza. Ukimya wa Kondo ulikuwa mbaya kuliko kiboko. Na katika ukimya ule Mshamu akajisikia anasema:

"Kondo. Herufi unaziona bado?"

"Naziona nikiziweka mbali. Kwani unaandika wosia? Dungu hili nishalirithi, usijisumbue."

"Kuna hadithi. Mama Salama alikuwa ananisomea. Haikwisha."

"Hadithi ya nini?"

"Ya ndugu wawili. Wako mikokoni huko, wanawindwa." Alisema ndugu, akamwomba Mungu kipande kilichobaki kiwe cha kukimbia tu.

"Mapigano yamo?"

"Yamo."

"Lete."

Kondo alifuta kidole kwenye shati, akalifungua kundi la simulizi, akaanza kupandisha na kushusha. Mshamu akamwambia atafute wanapojificha chini ya mtumbwi. Kondo hakupaona. Basi akasema atasoma popote, apate kujua yuko wapi. Akaiweka simu mbali na uso, akasoma kwa sauti ya kuhutubia:

"Yassin akamshika Twalha uso kwa mikono miwili, na tope lake, na damu yake, akambusu mdomoni, na—"

Mvua ikasikika juu ya paa.

"Mshamu."

"Naam."

"Hawa ni ndugu wa wapi?"

Mshamu akashika ndevu. Kondo akausoma tena mstari ule kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka fito zikalia.

"Mzee wa safu ya mbele msikitini. Ndevu nyeupe hizo. Na Mwantum! Mwantum wa kutuhimiza sala." Akajifuta macho. "Mungu kanipa. Niliogopa nitakufa sina cha kufanya kwenye maziko yako, lakini kanipa. Nitatafuta Mngindo mmoja, mtani mwenzangu, awe Yassin."

Mshamu akanyoosha mkono. "Lete simu."

"Kwani mwisho huutaki?"

Hapo alikwama. Akiichukua simu, mwisho ameukosa na aibu ameshaipata. Akiiacha, anazidi kuvuliwa nguo. Mtu akiwa nyumbani kwake angeondoka, angekwenda hata kutazama mikorosho. Hapa hapakuwa na pa kwenda wala pa kukasirikia. Aligeuza uso kwenye ukuta wa nyasi, akampa Kondo mgongo.

Kondo alicheka peke yake kidogo. Kicheko cha mtu mmoja hakidumu. Ikabaki mvua, na katikati ya mvua kunong'ona kwa mtu anayesoma kwa tabu. Kikapita kitambo.

"Huyu Twalha si alitumwa amuue mwenzake?" Kondo akauliza.

"Ndiyo."

"Na mwenzake anajua?"

"Hapo bado."

"Ala." Akaendelea kunong'ona. Halafu, "Mbona hamwambii?"

"Anaogopa ataachwa."

"Fala huyu." Kisha akasema, sasa bila mzaha, "Ngoja nianze mwanzo. Nimeingilia katikati kama mlevi kwenye maulidi."

Akaanza mwanzo, kwa sauti. Alisoma vibaya, anakata neno anakolikuta, lakini Mshamu akageuka taratibu na kukaa kumwelekea. Yalikuwa maneno yaleyale ya Mwantum kwenye mdomo wenye meno machache. Walipofika penye kubusu, Kondo alikuwa anapitisha haraka, anakohoa. Mara ya tatu hakukohoa tena.

"Chaji inashuka," Mshamu akasema.

"Iache ishuke. Mudathiri ana macho, dungu analiona." Akasoma. Akasimama. "Sikia. Kwa nini wasiachane hawa? Kila mtu akishika njia yake wanapona wote."

"Hawawezi."

"Ndiyo nauliza, hawawezi nini?" Hakungoja jibu. "Mie mtu wa kumbeba kwenye tope lile simjui. Mke wangu mwenyewe ningemwambia tembea. Wewe ungebeba?"

"Nimebeba," Mshamu akasema.

Kondo alimtazama, akarudi kwenye simu.

Katika kusoma wakafika gatini Nyamisati. Yassin ameshaujua ukweli, kwamba Twalha ndiye aliyetumwa. Anapanda boti peke yake. Twalha amesimama gatini, hakuinua hata mkono. Chini yake pameandikwa itaendelea. Kondo akasogeza mbele. Kundini akakuta watu wanasalimiana, mtu anauza mkaa, mwingine anauza vitenge. Akakuta wasomaji wanauliza mwandishi yuko wapi, wanamsihi, mmoja anasema tangu hadithi ikatike hapati usingizi na mumewe anamshangaa. Mwisho kuna mtu aliyejibu kwamba mwandishi ametishwa, ameambiwa aache uchafu wake au atafuatwa nyumbani, na ameacha.

"Imeishia hapo," Kondo akasema. "Gatini. Ni kabla ya Ramadhani, hiyo tarehe."

"Haiwezekani." Mwantum alikuwa amemsomea Ramadhani nzima, na Iddi ikapita, na mpaka korosho zikaanza kudondoka. "Kuna Twalha kuruka majini akaifuata boti kwa kuogelea. Umeiruka hiyo. Kuna bibi kipofu aliyewaficha, wakamwezekea paa. Kuna asali. Kuna Yassin mguu umevimba, Twalha anamchua kila jioni kwa mafuta ya nazi."

Kondo alipandisha, akashusha. Alitafuta kwa haki, Mshamu alimwona.

"Mzee, hivyo vitu havimo."

"Tafuta tena."

"Havimo, Mshamu." Akaiteremsha simu mapajani. Akasema polepole, "Mafuta ya nazi."

Mshamu alivitazama viganja vyake. Ilimwingia kidogo kidogo, kama maji yale. Tangu gatini Mwantum hakuwa anasoma. Alikuwa anaiweka simu mbele ya uso na kusema. Mwandishi alipofungwa mdomo, yeye aliwachukua watu wake akaenda nao, jioni baada ya jioni, na pumzi ile fupi, asimwambie mumewe kwamba hadithi imekatika. Na mwisho ambao Mshamu alikuwa anautafuta kwenye simu haukuandikwa popote. Mwantum alikuwa nao, na mwenyewe yuko kwenye mchanga wa Bungu.

Simu ikalia kuomba chaji, ikazima. Hakuna aliyeishughulikia.

"Basi nieleze wewe," Kondo akasema baadaye. "Kuanzia gatini."

"Mie si msemaji."

"Najua. Umekaa na mie siku zote hizi umesema maneno kumi. Nieleze hivyohivyo."

Mshamu akaeleza. Mwanzo ilikuwa kama kung'oa visiki. Twalha akaruka. Akaogelea. Mkono ukamshika, wa Yassin. Lakini vyote vilikuwemo kichwani, na kimoja kilivuta kingine. Alimweleza bibi kipofu aliyewajua kwa nyayo na hakuwauliza kitu. Alieleza asali waliyoiiba wakaumwa, wakacheka huku wanalia. Kondo alisikiliza mdomo wazi, akiuliza, akilaani, mara moja akimpiga Mshamu gotini. Wakafika kwenye mtumbwi, wawindaji wamekaa juu wanakula.

"Halafu?"

"Halafu akafa."

"Nani kati yao?"

"Mwantum."

Kondo akavuta miguu yake, akaikunja. Wakatazama maji. Gogo lilipita, na ndege mweupe juu yake.

"Kwa hiyo wamo humo tangu siku ile," Kondo akasema.

"Wamo."

"Mshamu. Umewafungia watu chini ya mtumbwi miezi yote hii, makalio ya adui zao yakiwa juu ya vichwa vyao? Hata tonge hukuwapelekea?"

Mshamu akacheka. Kilimtoka tu.

"Watoe basi."

"Si wangu."

"Mie nitawatoa. Anakuja kiboko—"

"Hapana kiboko."

"Kiboko anawatimua wale wawindaji."

"Mwantum hakuwa na viboko wa kusaidia watu."

"Basi mmoja anatoka mbio, anapigwa risasi, mwenzake anapona. Si ndivyo zinavyokwisha?"

"Hawaachani hao."

"Basi wafe wote, tupumzike."

"Hawafi." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka.

Kondo akamkazia macho. "Sasa unaogopa nini? Watoe wewe."

Alichoogopa alikijua. Wakitoka, imekwisha. Wakiwa mle chini, Mwantum bado amesema kesho, na kesho bado inakuja. Hilo hakumwambia Kondo. Mtani hapewi kila kitu.

Mudathiri alifika asubuhi ambayo mvua ilikuwa imeacha. Ndani ya boti kulikuwa na watu aliowaokota njiani, na Binti alikuwemo, amemlazimisha Mudathiri aje naye. Alipomwona shemeji yake kwenye ngazi akainua viganja kumshukuru Mungu. Wakashuka, wakapewa nafasi, mtu akawapa mkate. Boti ikaondoka.

"Shemeji, mmekaaje humo?" Binti akauliza. "Huyu Kondo hajakuua kwa mdomo?"

Watu wakacheka. Kondo akameza mkate, akajiweka sawa. "Kuhusu hilo," akasema, "nina habari." Na watu wote wakamgeukia, nyuso zimeshaanza kufunguka, maana mtani akisema hivyo kuna mtu anaaibika.

Mshamu akaiona yote kabla haijawa. Alimwona Kondo akisimama kwenye boti akilibeba jina la Mwantum kama ile khanga, na kicheko kikilipokea, kesho Bungu, keshokutwa Kibiti sokoni. Akaona afadhali litoke mdomoni mwake mwenyewe, lilivyo.

"Kondo alikuwa ananisomea hadithi ya dada yako," akamwambia Binti.

"Hadithi gani?"

"Ya wanaume wawili. Wanapendana, wanawindwa wauawe. Mwantum alikuwa ananisomea. Mwandishi alipoacha akaitunga yeye, mpaka siku anakufa. Ilikuwa nzuri."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mbele akasema la haula, akatema mate majini. Binti alibaki anamtazama Mshamu kana kwamba maji yamempanda akilini.

"Dada hakuwa mtu wa mambo hayo."

"Alikuwa."

"Marehemu hasemwi hivyo, shemeji."

"Naisema kazi yake."

Binti akavuta mtandio, akamgeuzia mgongo. Mashine ilikuwa inanguruma. Kondo akainamia sikio la Mshamu.

"Umeniibia," akasema. "Nilikuwa na kichekesho cha maisha. Sasa nitacheza nini, na kila mtu anajua?"

Boti ilikuwa inapita juu ya mashamba ya watu. Ilipofika kwenye matete Mudathiri akazima mashine isinaswe, akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Pakawa kimya, maji tu yanagonga ubao. Mgongo wa Binti ulikuwa mbele yake, umekaza. Mshamu akaanza kusema. Hakumwelekea mtu.

"Wale walikula wakashiba. Maji ya bahari yakaanza kujaa. Wakaona watalowana, wakahama, wakapanda kwenye mizizi juu. Maji yakauinua mtumbwi. Ukatoka topeni, ukaenda, umepinduka vilevile."

"Na wao chini?" Kondo akauliza.

"Wao chini. Wameshika ubao wa kukalia, pua juu kwenye ile hewa kidogo. Wawindaji wakauona unakwenda. Wakautazama. Mtumbwi mtupu, nani atajilowesha."

"Ukapita mbele yao?"

"Mbele yao."

Kondo akatikisa kichwa kwa raha. Yule mzee wa mbele alikuwa ametazama matete, lakini hakutema tena.

"Wakatokea wapi?"

Mshamu alitafuta. Mwantum hakumwachia jina. "Mahali ambapo hawajulikani."

"Wakaishi?"

Lilikuwa neno moja tu, na likishatoka halirudi. Mudathiri alikuwa ameinua pondo, maji yanachuruzika.

"Wakaishi," Mshamu akasema.

Basi, ikawa imekwisha. Alingoja kitu kimpige kifuani. Hakikuja bado. Aliona matete, na mgongo wa shemeji yake, na jua la asubuhi juu ya maji mengi.

"Huyo Yassin," Binti akasema. Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa bado na hasira. "Ana mama?"

"Nani?"

"Si huyo unayemsema. Ana mama au hana?"

"Anaye, nadhani."

"Sasa mama yake amejuaje kama mwanawe yu hai, na nyinyi mmeshamtupa mahali asipojulikana?"

Kondo akamtazama Mshamu. Mudathiri naye aliacha pondo ikae. Mwantum hakuwahi kumtaja mama, na Mshamu hakuwa amelifikiria hilo. Akaanza kulifikiria.